Maji Yaliingia Meupe, Yakatoka Meusi

Niliporudi Kibiti na stashahada yangu, watu walisema sitamudu hata kuuza barafu. Mimi nikatengeneza mkaa wa vifuu vya nazi unaonasa madini ya risasi kwenye maji machafu ya karakana. Nilichoma na kuponda mwenyewe.

Fundi Salumu, mwenye karakana ya betri, alikubali nimwonyeshe. Nikifaulu, angenipa kazi ya kusafisha maji yake kabla hayajafika kwenye mipunga ya jirani.

Siku moja kabla ya jaribio, shangazi yangu Mwanahawa, aliyenikusanyia vifuu, alinisogelea na ndoo. "Mwanangu, niuoshe mkaa wako? Una vumbi."

"Shangazi, huu si mchele," nikamjibu. "Hii ni kazi ya kitaalamu."

Kesho yake nilivaa shati jeupe, nikawahutubia majirani kwa kirefu juu ya sumu isiyoonekana kwa macho. Kisha nikamimina maji ya betri kwenye chujio langu la mkaa. Yaliingia meupe kama ya kunywa, yakatoka meusi tii, yakanirukia shati.

Fundi Salumu akachungulia ndoo. "Mtaalamu, hiyo sumu isiyoonekana, mbona tunaiona?"

Nikaanza kueleza mambo ya kemia. Shangazi akanikatiza. "Msamehe, fundi. Ni vumbi la mkaa. Jana nilitaka kuuosha, akaniambia huu si mchele."

Walicheka hadi Fundi Salumu akakaa chini. Alipotulia, akanisukumia ndoo ya maji safi. "Basi osha. Tunakusubiri."

Nikaosha mbele ya wote, shangazi akinisimamia.

"Bado, mwanangu. Mchele hauoshwi mara moja."