Kibanio Kidoleni

Laki mbili na elfu themanini zimekwenda. Nimehesabu mara mbili. Mshauri alitaka elfu arobaini kwa kipindi, nikamshusha hadi thelathini, vipindi vinne. Iliyobaki, zaidi ya nusu, ni nauli ya Kilwa Masoko hadi Lindi, kwenda na kurudi, kwa watu wawili, maana mume wangu alisema nisisafiri peke yangu: niende na bi mdogo.

Bi mdogo ni mke mwenzangu, binti wa kijiji cha Pande. Tangu aingie nyumbani, moyo wangu huenda mbio nikiwa nimekaa tu, viganja vinalowa, pumzi inakatika. Hospitali walinipima wakasema moyo mzima, huo ni wasiwasi. Wakanielekeza kwa mshauri huyo, mwanamama anayefundisha watu kuutuliza mwili kwa kuutazama. Anakubana kibanio kidoleni, mapigo yanajichora kwenye kompyuta, nawe unavuta pumzi kwa kuhesabu nne, unaitoa kwa sita, mpaka mstari ulainike.

Mimi mchuuzi wa pweza. Usoni kwangu husomi bei. Ila kibanio hakina mapatano. Bi mdogo akikohoa tu nyuma yangu, mstari unapanda.

"Unahesabu, mama?" mshauri akauliza.

"Mara mbili."

"Hesabu mara moja. Ndiyo maana pumzi inakuishia."

Kipindi cha tatu nilishuka kutoka mapigo tisini na nane kwa dakika hadi themanini na mbili. Sijamaliza kujipongeza, nasikia, "Bi mkubwa, na mie nijaribu?"

Akabanwa. Sabini. Sitini na sita. Mstari umelala kama shuka lililopigwa pasi.

"Unawaza nini?" mshauri akamuuliza.

"Siwazi kitu."

Wivu ulionishika hapo! Mume tunagawana kwa zamu, nimezoea. Utulivu hauna zamu. Kauchukua wote, tena bure.

Tukirudi, ndani ya basi akaninong'oneza, "Bi mkubwa, ukivuta pumzi unainua mabega. Nikuoneshe?"

"Nimeshamlipa wa kunionesha," nikamjibu, nikageukia dirishani.

Kipindi cha nne nikarudi tisini na tano. Vipindi vimekwisha, na pesa pia. Jana sokoni moyo ulinienda mbio hadi nikampimia mteja kilo nne kwa bei ya tatu. Mimi!

Sasa ninyi mlioishi uke wenza, nishaurini: baada ya jibu lile, namwanzaje bi mdogo, anitazamie mabega?