Usingizi wa Mjukuu wa Mama Kimya

Hospitalini walimwita Mama Kimya. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za ubongo wa watoto wachanga, na chumbani kwake hata kukohoa ulikohoa kwa adabu. Watoto wale hawakupewa dawa ya usingizi. Walinyonyeshwa wakashiba, wakazibwa masikio kwa sponji, wakaviringishwa blanketi na kulazwa ndani ya mashine inayonguruma kama trekta. Mmoja akiamka, kazi inaanza upya.

Bintiye alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alitunzwa wodini kwenye joto mpaka akaongeza uzito, ndipo daktari akataka picha.

"Leo kaa kando," mwenzake alimwambia. "Mganga hajigangi."

Akakaa, mikono mapajani kama mgeni. Mtoto akalazwa, akaamka akilia. Akabembelezwa, akalazwa tena, akalia zaidi. Binti naye machozi yakaanza kumlengalenga.

"Mwimbie ulichokuwa ukimwimbia tumboni," Mama Kimya alisema.

"Sikuwa namwimbia, mama. Nilikuwa namgombeza baba yake."

"Basi mgombeze."

Binti akamkumbatia mtoto, akaanza kwa sauti ya chini: taulo bichi kitandani, viatu vya matope sebuleni, simu isiyopokelewa. Mume wake, aliyesimama mlangoni, akainamisha kichwa, akazipokea lawama zote. Kabla mashtaka hayajaisha mtoto alikuwa amelala fofofo, na picha ikapatikana.

Daktari aliwaita baadaye. "Njia za kusikia, za kugusa na za kujongea huanza kuungana mtoto akiwa bado tumboni," alisema. "Za kufikiri na kupanga bado zimetawanyika, na ndivyo ilivyo kwa kila mtoto mchanga. Ila huyu alitoka mapema. Baadhi ya miunganiko yake ni hafifu kuliko nilivyotarajia."

"Itaimarika?" baba mtu aliuliza.

"Mingi huendelea kukua. Mbebeni, mwongelesheni, mwacheni alale. Mengine siwezi kuahidi. Tutamfuatilia."

Neno hilo, "tutamfuatilia", Mama Kimya alikuwa amelisikia likiambiwa wazazi wengi, naye akiendelea kukunja mablanketi. Safari hii lilimkaa kifuani. Tangu hapo, wazazi wakiitwa kupewa majibu, huingia nao akavuta kiti.

Mjukuu alichelewa kukaa, akachelewa kusimama. Juzi aliachia kochi, akapiga hatua za kilevi hadi magotini pa bibi yake. Bibi akamgeuza, akamrudisha alikotoka ili arudie.