Msichana wa Kazi Hakuua

Mjukuu wangu, huyu anayefundisha shule hapa Same mjini, amenitafutia sinema. Miaka yote amenisikia nikiisimulia, ile ya mji wa miaka ijayo, yenye mtu wa chuma na saa ya ukutani inayosema, na kila mara huniuliza jina lake. Mimi majina ya watu sisahau, lakini la sinema ile lilikuwa la kizungu, nami nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la pili. Jumapili iliyopita tumetoka kanisani, tumekula, akaunganisha simu yake na televisheni akasema, "Bibi, njoo uangalie kama ndiyo hii." Likatokea jumba la vioo, magari yanapita angani. Niliweka kikombe chini. Ndiyo yenyewe.

Wenzangu wakaanza kucheka hata mtu hajauawa. Mkwe wangu akasimama kwenda kuonyesha kwa kidole. "Mama, ona! Gari linaning'inia kwenye uzi. Uzi ule pale, kama wa kushonea!"

"Baba, kaa chini," mjukuu akamwambia. "Kwa wakati ule walijitahidi."

Jirani yetu alikuwa amekuja kurudisha sufuria tu, naye akabaki mlangoni nayo. "Huyu mpelelezi naye! Watu wazima wamejaa ndani, yeye anaihoji saa."

Kila mtu na lake. Mimi nilikuwa nasubiri kipande kimoja tu, kwa maana sinema hiyo, ndugu msomaji, sikuwahi kuiona mwisho wake. Mwisho wake niliambiwa.

Kwetu ni Myamba, juu kule ambako ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Nililelewa na bibi yangu, mimi na dada yangu Nakundwa, tukilala mkeka mmoja. Alfajiri tulikuwa tunakata majani ya ng'ombe, umande unakulowesha mpaka magotini, halafu unarudi jikoni unaota moto na makande ya jana yamepashwa, yamekauka kidogo chini, yale ya chini tukiyagombania. Dada alikuwa mkubwa kwangu miaka sita. Alipomaliza kipaimara akashuka Gonja kufanya kazi za ndani kwa mwenye duka mmoja, na mkeka ukawa mpana, nikawa nasikia baridi.

Basi siku moja Mwalimu akatangaza darasani kwamba gari la sinema linakuja Gonja. Bibi alichemsha makande tangu mchana wa jana yake, akayafunga kwenye majani ya mgomba, na sisi watoto tukashuka mlima tukiwa kwenye mstari nyuma ya Mwalimu, tukiimba: mimi, Nanzia, Namsifu na Nakiete. Dada alitungoja kwenye kiwanja cha mpira na karanga amezifunga kwenye pindo la kanga. Aliniweka mapajani ingawa nilikuwa mkubwa. Nguo yake ilinuka sabuni ya dukani, harufu ambayo kwetu haikuwapo.

Walifunga shuka jeupe kwenye milingoti. Injini ya gari ikanguruma, wadudu wakajaa kwenye mwanga, na bwana mmoja mwenye kipaza sauti akawa anatueleza kwa Kiswahili. Tajiri wa mji wa miaka ijayo amekutwa amekufa chumbani, mlango umefungwa. Ndani ya nyumba wamo watatu: mke wake, mtu wa chuma anayepeleka chai, na msichana wa kazi. Mpelelezi anakuja na gari la kuruka. Anawahoji wote, wote wanakana. Mwisho anaigeukia saa ya ukutani, ambayo imetunza kila neno lililosemwa nyumbani humo. Saa inasema, "Aliyeua nitamtaja." Hapohapo shuka likafanya doa la kahawia, doa likapanuka, tukasikia harufu ya kuungua.

"Poleni, wananchi," alisema yule bwana. "Mkanda umeungua."

Watu walikataa kuondoka. Mzee mmoja aliamini saa bado inasema kule ndani ya gari, akawaomba wamfungulie mlango akasikilize.

Tulirudi mlimani tukigombana, na tuligombana wiki nyingi. Hapo kwetu kulikuwa na ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, asubuhi linafunguliwa na maji yanakwenda mashambani kwa zamu. Tope likijaa, pembe inalia asubuhi na kila nyumba inatoa mtu kwenye msaragambo, kazi ya kijiji kizima, tunaingia bwawani na makarai. Kazi ya tope inataka maneno, na maneno yetu mwaka ule yalikuwa ni nani aliyemuua tajiri.

"Ni wa chuma," alisema mzee wa zamu za maji. "Hana damu, atamwonea nani huruma?"

"Mtu huua kwa wivu, mzee. Chuma kina wivu?"

"Jembe lako lina wivu? Mbona juzi limekukata kidole?"

Watu wanacheka mpaka makarai yanamwagika. Bibi yangu alikuwa upande wa mke, peke yake. Alisema mwanamke anayevaa viatu ndani ya nyumba yake mwenyewe amejiandaa kukimbia. Lakini walio wengi walisema ni msichana wa kazi. Yeye ndiye anayejua funguo zinakaa wapi, walisema, na tena ni mtu wa kuja. Mimi nilibisha mpaka sauti ikakauka, kwa sababu kwangu msichana wa kazi alikuwa na sura ya dada.

Mwalimu alikuwa anakwenda Moshi kwa shughuli za shule, na habari zilisema sinema ile inaonyeshwa huko kwenye ukumbi. Wazee wakamtuma. Nakuambia kweli, walimtuma kama unavyomtuma mtu mahakamani akakuletee hukumu. Bibi akampa mayai ya kuchemsha ya safari. Huyu Mwalimu ndiye aliyenishika mkono, mkono juu ya mkono, mpaka nikaandika jina langu. Angesema jua linachomoza upande wa Same, kule linakozama, ningegeuza shingo nikalisubiri huko.

Alirudi siku ya msaragambo. Tukatua makarai. Alisimama kwenye ukingo wa ndiva, akafuta miwani yake.

"Ni msichana wa kazi," alisema.

Akatueleza yote. Alitia sumu kwenye supu. Ufunguo aliuficha ndani ya kitambaa chake chekundu cha kichwani. Saa ilipomtaja alilia, akaapa kwa jina la mama yake, kisha akakimbia, na mtu wa chuma akamkamata kwa kukiona kile kitambaa chekundu kwenye umati. Watu walipiga vigelegele. Mama mmoja aliyekuwa akinibishia kila siku akanipaka tope shavuni. "Unaona, mwanangu? Wewe na utetezi wako!"

Niliona aibu. Nikaamini.

Haikupita mwezi, dada akapandishwa mlima na kifurushi chake. Mke wa mwenye duka amepoteza hereni. Wazee wakaketi naye uani kwa bibi, na mimi nikiwa nachambua maharage karibu na mlango. Dada akasema, "Sikuchukua." Akasema mara tatu, akalia, akaapa kwa mama yetu marehemu.

Mzee mmoja akasema, "Hata yule wa sinema aliapa hivihivi."

Wakacheka. Si wote, lakini kicheko kilisikika. Bibi peke yake aliwaambia watoke uani kwake.

Jioni dada akanikuta kwenye kuni. Hakuniuliza kwa ukali. "Na wewe, mdogo wangu, unasemaje?"

Ninayo majina yote ya waliokaa uani siku ile, na ningependa kumtwika mmoja wao jibu lile, lakini nililitoa mimi. Nilimwambia, "Mwalimu alisema yule naye alilia."

Wiki ileile akashuka tambarare kwenye mashamba ya mkonge. Akafanya kazi korona, kiwandani kule wanakosaga majani ya mkonge, akaolewa na mfanyakazi mwenzake aliyetoka mbali, akazaa huko. Bibi alipokufa alikuja, akakaa upande wa wageni. Tangu hapo tunaonana kwenye misiba na harusi. Tunasalimiana vizuri. Habari za hereni hatukuzisema tena, nami miaka ikipita nilijiambia kwamba hata kama alichukua, alikuwa msichana mdogo, nimemsamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nasamehe.

Basi Jumapili saa ya ukutani ikasema tena, "Aliyeua nitamtaja." Safari hii shuka halikuungua. Mjukuu ananitafsiria neno kwa neno. Ikamtaja mke. Mke ndiye aliyemwamuru mtu wa chuma ambane mumewe shingo, akambana, basi. Supu haimo. Ufunguo hakuna aliyeuficha. Msichana wa kazi ndiye aliyemwelekeza mpelelezi kwa ile saa, na mwisho kabisa anaonekana anaondoka kwa miguu na kifurushi kwapani, barabara ndefu, magari yanampita juu.

"Mwisho wa kitoto," alisema mkwe wangu.

"Mimi umenipendeza," alisema jirani, sufuria bado mkononi. "Ila na wao, wangempa lifti yule binti! Kawafanyia kazi yote."

Mjukuu akanigeukia. "Bibi, na wewe umeionaje?"

Nikasema, "Mwalimu hakwenda kuiona."

Hawakunielewa, ikabidi niwasimulie kile kipande ambacho huwa sikisimulii. Mjukuu akataka kumtetea, mwalimu kwa mwalimu. "Labda alichanganya na nyingine, Bibi. Watu huchanganya."

"Mjukuu wangu, alituambia kitambaa chekundu. Hebu nionyeshe nyekundu humo."

Akaitazama televisheni. Sinema ile haina nyekundu wala kijani, ni nyeusi na nyeupe tu mwanzo hadi mwisho, na sisi tulishaiona Gonja kwa macho yetu ikiwa hivyo, kijiji kizima, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono pale ndivani kumuuliza Mwalimu wekundu ameuona wapi. Aliona haya kurudi mikono mitupu, ndivyo ninavyodhani. Watu wamemtuma, wamempa mayai, wanamngoja. Akachukua jibu lililokuwa na watu wengi. Nilimpikia makande siku ya kuzikwa kwake, sufuria mbili. Mwanangu wa kwanza nilimpa jina lake, Eliamani, na sasa nikimwita kula ulimi unasita.

Nikamwomba mjukuu anipigie simu kwa dada.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Dada, ile sinema ya Gonja. Nimeiona leo yote. Msichana wa kazi hakuua."

Nikasikia kuku wake.

"Najua," akasema.

"Umejuaje?"

"Ilikuja kambini, mwaka wangu wa pili pale korona. Mkanda wao haukuungua. Wenzangu walikuwa wanacheka magari, shemeji yako ananiuliza mbona unalia, sinema yenyewe imekwisha vizuri."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Nimwambie nani? Wewe?" Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayeuliza njia. "Nilisema akishuka mmoja wenu kuniuliza, nitamweleza. Niliingoja ile njia ya mlimani miaka, nikazaa, nikaacha."

Nikaanza kumweleza habari za Mwalimu, kitambaa chekundu, jinsi alivyotudanganya, na sauti yangu ikapanda, kwa maana nilikuwa nimechomwa kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu alidanganya habari za msichana wa kwenye shuka. Mimi ulikuwa unanijua. Ulikuwa unalala mgongoni kwangu."

Akaendelea, "Na leo umeniamini kwa sababu sinema imekwambia."

Nikamwambia nitakwenda Jumamosi. Akasema niende, kisha akasema kuku wameingia kwenye mahindi, akakata.

Nimekaa na hayo wiki nzima. Siku za kwanza nilimlaani Mwalimu asubuhi na jioni, na bado ninalo la kumwambia, lakini amelala kule Myamba, na hata ningempigia kelele kaburini ni mgomba tu ungetikisika. Wazee waliocheka uani wamekwisha. Nanzia, Namsifu, Nakiete, wote wamenitangulia. Ndiva, naambiwa, ina bomba sasa, na pembe hailii. Njia tuliyoshuka nayo tukiimba imeshikwa na magugu, watu wanapanda pikipiki. Kati ya tuliokaa kwenye nyasi pale Gonja tumebaki wawili, na mwenzangu ndiye yule aliyenipakata. Nimemwambia mjukuu asije nami Jumamosi. Maneno nitakayokwenda kusema nilitakiwa kuyasema kwenye kuni, nikiwa na miaka kumi na moja, na sijui kama mtu wa umri wangu bado ana ruhusa ya kuyasema.