Papa Germain, Boyi wa Panda

Papa Germain Numbi alikuwa boyi, na hakutaka kuitwa kitu kingine. Hapa Panda, mtaa wetu wa Likasi, watu wengi waliofanya kazi hiyo hulimeza neno hilo, husema tu kwamba "walifanya kwa Wazungu". Yeye alilitamka kwa sauti, kama mwingine anavyotaja shahada yake.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, ingawa limekaa midomoni mwa Wabelgiji mpaka likaonekana kuwa lao. Wazee wa Likasi husema lilikuja na wanaume waliotoka Rhodesia kutafuta kazi ya shaba. Lilipofika likazaa. Anayemwagilia maua akawa boyi wa bustani. Anayepanda nyuma ya lori na kutia jiwe chini ya gurudumu mlimani akawa boyi-shoferi. Mwanamke anayelea watoto kwenye villa, yaani jumba la Mzungu, akawa boyesi. Hata kijumba kilichojengwa nyuma ya villa ili mtumishi alale kikapata jina humo humo: boyeri. Leo familia nzima zinazaliwa na kuzeeka kwenye boyeri, na hakuna anayekumbuka kwamba nyumba yake ina jina la mtu.

Germain alianza kwenye bustani ya mhandisi mmoja, akaingizwa kuhudumu mezani, mwishowe akakabidhiwa kazi ya jikoni. Hata Germain alipoota mvi, Madame, mke wa mhandisi, alimwita boyi, na mtoto wa Madame, ambaye Germain ndiye aliyemshika mkono alipojifunza kutembea, akamwita boyi vilevile. Ikaja miaka ya Zaire, tukaamriwa wote tuitwe citoyen, yaani raia. Germain alikuwa akicheka akisimulia kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambamo mimi ni "minye" na ndiye ni "njo": "Asubuhi minye citoyen. Saa sita, njaa ikibauma, minye boyi tena."

Mkewe Henriette alifariki binti yao Carine akiwa bado ananyonya. Ndugu walitaka kumchukua mtoto, Germain akakataa. Alimfunga mgongoni kwa kitambaa akapika hivyo hivyo, na Madame akanyamaza kwa sababu supu ilikuwa nzuri.

Baada ya askari kupora miji yetu mwaka 1991, mhandisi wa mwisho aliondoka na villa ikafungwa. Germain akabaki kwenye boyeri, ukuta kwa ukuta na kwangu. Mishahara ilikuwa imekauka mji mzima. Yeye alikaanga mikate ya mafuta akaiuza kando ya barabara, na mteja wake wa kwanza kila asubuhi alikuwa Magloire, mwalimu wa Kiingereza, ambaye naye alikuwa akifundisha bila kulipwa. Siku moja Germain alimuuliza neno lake linatoka wapi. Magloire alikwenda kutazama kwenye kamusi, akarudi.

"Papa, asili yake haijulikani vizuri. Lakini Waingereza ba zamani balianza kuita hivyo mutumishi. Maana ya mutoto mwanaume ilikuja nyuma."

"Kumbe kazi njo ilitangulia?"

"Ndiyo, Papa."

"Miaka yote nilifikiri bananiita mutoto, nikanyamaza. Kumbe bananiita mufanyakazi."

"Papa, tusidanganyane. Bale Wabelgiji balimaanisha mutoto."

"Hiyo ni ya kwabo," Germain alisema, akimfungia mikate. "Minye nachukua ile ya zamani."

Mwaka 1994 Carine alichumbiwa na Chadrack, fundi wa umeme kwenye kituo cha Koni. Baba yake Chadrack alikuwa amefariki, kwa hiyo msemaji wa ukoo alikuwa baba yake mdogo, Adrien, karani wa ofisini. Mahari ilikwisha kwa amani. Kilichobaki kilikuwa matebeto. Hicho ni chakula ambacho upande wa mke hukipika na kukipeleka kwa upande wa mume kabla ya ndoa, na anayefungua vyungu mbele ya wakwe ni mama wa binti, amepiga magoti. Wakwe wakila, ndoa ipo. Wakirudisha vyungu vikiwa vimefunikwa, hakuna ndoa.

Germain alitangaza kwamba atapika yeye. Kabla wiki haijaisha, Adrien alikuwa mlangoni kwenye boyeri, amevaa koti lake la ofisini.

"Papa Germain, tumesikia. Banasema njo weye mwenyewe utapika matebeto."

"Njo minye."

"Mukwe mwanaume atashika mwiko? Batatucheka mupaka Kambove! Tafuta bamama bapike, weye ukae kwenye kiti kama mukubwa. Na bageni bakiuliza kazi yako, tutasema ulikuwa agent wa kampuni."

"Kampuni gani?"

"Kampuni! Nani atauliza?"

"Papa Adrien, ule mutoto amekula boyi, amevaa boyi, amesoma boyi mupaka diplome. Ukimutoa boyi, habakie kitu."

Adrien alisimama. "Basi mukuje na vyungu vya mwanaume. Tutavirudisha na vifuniko vyake."

Carine alisikia yote kutoka ndani. Adrien alipoondoka, alitoka akiwa amejifuta macho. "Papa, acha bamama bapike."

"Unasikia haya juu yangu?"

"Hapana, Papa. Niko naogopa."

"Ogopa, mama. Lakini kata vitunguu."

Alipika siku nzima uani kwenye mbabula, yale majiko ya makaa. Kuku alimpika kwa mchuzi wa karanga, sombe, majani ya muhogo, aliitwanga mwenyewe kwenye kinu, samaki mkavu akamlainisha taratibu, na bukari, yaani ugali, aliiacha mwisho ili ifike ikiwa moto. Akina mama wa jirani walibeba vyungu kichwani, wakaimba njia nzima mpaka nyumbani kwa kina Chadrack. Germain alifuata nyuma amevaa koti lake jeupe la mezani, limepigwa pasi mpaka vifungo vinang'aa. Carine alibaki nyumbani, kama desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa katikati ya waimbaji, na nilimwona Adrien kwenye kizingiti, amekunja uso.

Vyungu vikapangwa kwenye mkeka. Akina mama wakasogea pembeni. Germain akaja mbele, akapiga magoti.

"Simama, Papa," Adrien alisema. "Usitufanyie hii."

Germain hakusimama. Mikono yake ilikuwa juu ya kifuniko cha kwanza, haijakigusa bado.

Ndipo akazungumza Mama Julie, mama yake Chadrack, ambaye tangu mwanzo wa uchumba alikuwa hajasema neno mbele ya watu. "Mama ya mutoto iko wapi?"

"Amelala makaburini, mama."

"Nani alimunyonyesha?"

"Maziwa ya kopo, kwa mukono yangu."

"Na siku amekuwa mwali, nani alimufundisha?"

Germain aliinamisha kichwa. "Maneno, niliita jirani amwambie. Maji ya kuoga nilichota minye."

Mama Julie alimgeukia shemeji yake. "Adrien, matebeto ni chakula ya mama. Huyu njo mama yake. Unataka turudishe chakula ya mama?"

"Lakini yaya, dada yangu mukubwa, ni mwanaume!"

"Ndevu nimeziona. Macho niko nayo."

Watu wakacheka, hata mzee mmoja wa upande wao aliyekuwa amenuna akapangusa machozi. Mama Julie alipiga magoti upande wa pili wa mkeka, uso kwa uso na Germain. Germain akafungua kifuniko cha kwanza, akataja kuku. Akafungua cha pili, akataja sombe. Alipofika kwenye bukari mvuke ulipanda kati yao, na Mama Julie akamega tonge, akachovya, akala.

Wote wakala. Adrien alikaa muda mrefu bila kunyoosha mkono, kisha akala, na akaongeza.

Vyungu vya matebeto huoshwa na upande wa mume kabla ya kurudishwa. Mabinti wa nyumba walikuwa wameshainuka Mama Julie alipowazuia.

"Mukae. Adrien, vua koti. Leo weye njo boyi."

"Yaya!"

"Baboyi banalalamika?" aliuliza Germain kwa upole, na uani kukalipuka kicheko.

Adrien alivua koti, akalining'iniza kwenye kitasa cha mlango, akavuta beseni. Germain alipewa kiti. Alikaa, amenyoosha mgongo ndani ya koti lake jeupe, mikono magotini, akimtazama mtu mwingine akisugua chungu chake.