Neno Nililoandika Juu ya Majina ya Watu

Ilianza Jumamosi saa tisa na robo mchana, katika darasa moja la shule ya msingi karibu na kwetu, upande wa Ruiru. Baba, ambaye ni mjumbe wa wadi yetu, alikuwa ameita watu watoe maoni kuhusu uwanja ambapo kina mama huuza mboga. Kulikuwa na mpango wa kujenga ghorofa ya maduka hapo.

Mimi ni mtu wa haya. Shuleni Thika, mwalimu akiniuliza swali najibu nikiangalia dawati. Kwa hivyo Baba hunipa kazi isiyohitaji mdomo: kupitisha karatasi ya majina. Siku hiyo ilikuwa na mistari tu, juu hakujaandikwa kitu.

Shosho, yule nyanya anayeuza nduma, magimbi ya kuchemsha, kwenye lango la uwanja, aliishika mbali na macho. Tangu niko nasari huniita mami.

"Mami, hii ni ya nini? Nisije nikawa nimeolewa tena."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Ni ya waliokuja tu, shosho."

"Ukisema wewe ni sawa." Akaandika jina lake herufi moja moja, kisha akatia sahihi.

Halafu akasimama akasema hakubali. Watafutiwe kwanza mahali pengine pa kuuzia, ndio jengo lianze, kwa sababu nduma haiwezi kungoja kwenye gunia mpaka fundi amalize. Wengi wakamuunga mkono. Baba aliitikia kwa kichwa, polepole. "Maoni yenu nimeyachukua," akasema. Husema hivyo kila mkutano, na mimi nilikuwa nikiamini.

Tulipofika nyumbani akanisukumia ile karatasi mezani. "Andika kichwa hapo juu. Mwandiko wako ni wa ofisi."

"Niandike Waliohudhuria?"

"Andika Waliokubali."

Nikaiweka kalamu chini.

"Aliyekataa si angetoka? Hawa walikaa mpaka mwisho na soda wakanywa. Ukingoja mji mzima uitikie amina, hata choo hutajenga. Jengo likisimama watanishukuru."

Baba si mtu mbaya. Watu walipinga pia ile barabara ya kwenda zahanati, na leo wanaipita bila kukumbuka walisema nini. Ningependa kuandika kwamba ndiyo sababu sikubisha. Lakini ukweli ni kwamba nilifurahi aliposema mwandiko wangu ni wa ofisi. Niliandika WALIOKUBALI kwa herufi kubwa, nikalipigia mstari chini kwa rula. Huo mstari hakuna aliyenituma niupige.

Akaitia karatasi kwenye bahasha ya kupeleka Jumatatu.

Saa kumi na mbili jioni Mama akanituma nduma. Shosho alikuwa anafunika gunia lake. Alinichagulia zile kubwa.

"Mwambie mheshimiwa asante, ametusikiza. Wengine huwa hata hawatuiti."

"Nitamwambia," nikasema. Sikumwambia Baba, na shosho sikumwambia nilichoandika. Zile nduma zilipoiva sikuweza kuzila. Mama akauliza kama tumbo linaniuma, nikasema ndiyo. Siku moja, uongo mara ngapi? Nilichomwambia shosho darasani kilikuwa kweli, halafu nikaenda nyumbani nikakigeuza kuwa uongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumapili asubuhi, Baba akioga ili twende kanisani, niliitoa karatasi kwenye bahasha. Sahihi zote zilikuwa hapo. Hawezi kuandika nyingine bila kuwaita watu upya, na wakiitwa, safari hii watasoma juu. Nikachukua rula ile ile, nikalikata neno langu kwa mstari mmoja, nikaandika Waliohudhuria. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ukikata neno kwenye karatasi ya ofisi, lazima utie sahihi kando ndio ijulikane ni nani. Mimi sina kitambulisho, na sahihi bado sina. Niliandika jina langu lote, herufi moja moja, kama shosho.

Nikaiweka karatasi kando ya kikombe chake cha chai. Maji ya bafuni yalipoacha kumwagika, nilivuta kiti kinachotazamana na chake, nikakaa kumngoja.