Mkanda Kwenye Sanduku

Brashi alikuwa msichana mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Alifanya kazi kwenye duka la mabango, akichora majina ya saluni, ya magereji na ya madaktari wa meno, na pale dukani hakuna aliyemwita jina lake tena. Aliishi na baba yake, fundi redio mstaafu ambaye bado alikuwa akizifungua redio za majirani juu ya meza ya kulia chakula, mpaka mtu ukila unaogopa kumeza skrubu. Mama alifariki Brashi akiwa mdogo mno. Ndivyo alivyoambiwa na Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyemlea. Na kila alipouliza kaburi liko wapi, Shangazi alimjibu kwamba lilichukuliwa na mafuriko, mambo yakaishia hapo.

Siku moja alikuja dukani rafiki yake wa tangu shule, waliyezoea kumwita Injinia ingawa alisomea uhasibu, kompyuta ikiwa kwapani. Alikuwa ametengeneza gemu, peke yake, kwa muda mrefu hata mchumba wake akaacha kuuliza litakwisha lini. Lilihusu nyumba ya wapangaji. Asubuhi moja mwanamke wa chumba cha nyuma hayupo, na mchezaji anazunguka mlango kwa mlango akiwahoji majirani mpaka ajue amekwenda wapi.

"Gemu limekwisha," alisema Injinia. "Limebaki jalada, na hilo jalada ndilo litakaloniua."

Brashi aliona ni kazi ndogo. Akachora nyumba nzima, wapangaji wote wakiwa madirishani, paka juu ya ukuta, kikombe kilichovunjika, nyayo za tope kwenye ngazi, na jina la gemu juu kabisa kwa herufi za kujipindapinda. Kwenye karatasi ilikuwa picha ya kutundikwa sebuleni. Injinia akaijaribu kwenye ukurasa wa duka la mtandaoni, katikati ya majalada ya watu wengine, nayo ikasinyaa hadi kuwa kama ukucha wa kidole gumba. Wote wawili wakainama kuitazama.

"Kama mtu amemwaga maharage," alisema Brashi.

"Sikutaka kuwa wa kwanza kusema."

Basi akaanza upya, safari hii akiifanya kazi kama anavyofanya bango la barabarani, ambalo msomaji wake anapita na hana muda nawe. Kila alichochora alikibandika ukutani, akaenda kusimama upande wa pili wa duka na kukitazama kwa jicho moja. Paka akaondoka. Kikombe kikaondoka. Wapangaji wakaondoka mmoja mmoja, na herufi zikanenepa na kunyooka. "Abaki mtu mmoja," alimwambia Injinia, "na swali moja. Anayepita ajiulize hilo swali kabla hajajua kama anapenda gemu au hapendi."

Mtu huyo alimjia bila kumtafuta. Mwanamke amesimama kwenye mlango ulio wazi, mgongo kwetu, mwanga wa asubuhi mbele yake na chumba cheusi nyuma. Amesimama kwa mguu mmoja, mkono mmoja ameushika mwimo wa mlango, mwingine unafunga gidamu ya kiatu. Pembeni yake sanduku dogo, na sanduku limefungwa kwa mkanda wa suruali ya kiume, mwekundu, ambao Brashi aliuongeza mwishoni kwa sababu pale palihitaji rangi.

Injinia alipouona aliketi. "Mkanda wa mwanamume kwenye sanduku la mwanamke," alisema taratibu. "Hata mimi niliyeandika hadithi sasa nataka kujua ni wa nani."

Jalada likapanda mtandaoni wiki hiyohiyo. Brashi alirudi nyumbani amejawa na furaha, akamkuta baba mezani na tumbo la redio mbele yake, akampa simu atazame. Baba alivaa miwani, akaisogeza simu karibu, kisha mbali, kisha karibu tena. Bisibisi ikamtoka mkononi, ikaviringika mpaka sakafuni, naye hakuinama kuiokota.

"Nani alikuonyesha picha hii?"

"Hakuna. Nimeitoa kichwani."

"Huo mkanda ni wangu," alisema baba. "Kufuli la sanduku lilikuwa bovu. Nikauvua mkanda kiunoni nikamfungia."

Brashi alidhani mzee anatania, akatabasamu, kisha tabasamu likamkwama usoni. Uso wa baba ulikuwa umesawijika.

"Ulimfungia nani, baba?"

"Mama yako. Ulikuwa umelala pale kwenye mkeka. Sisi tulidhani umelala."

Brashi akavuta kiti, akakaa. Baba aliongea akiitazama redio. Waligombana, yeye na mkewe, ugomvi wa muda mrefu ambao Shangazi alikuwa katikati yake. Mama akasema anakwenda kwao kutafuta kazi, akitulia atarudi kumchukua mtoto. Kabla hajarudi, Shangazi alisema mtoto akichukuliwa hataonekana tena, na kwamba dawa ni kuhama. Wakahama. Hawakuacha neno kwa jirani yeyote. Mtoto alipoanza kuuliza, Shangazi akajibu, na baba akanyamaza.

"Kwa hiyo hakuna kaburi," alisema Brashi.

"Hakuna."

"Na mafuriko?"

Baba alitikisa kichwa. Brashi akaiangalia mikono yake mwenyewe juu ya meza, mikono iliyochora mgongo ule bila kumwomba ruhusa.

Kesho yake alikwenda kwa Shangazi. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa kukana, hata kwa kufukuzwa. Shangazi alikuwa akikunja nguo, na aliendelea kukunja.

"Yuko hai," alisema. "Ana cherehani yake kule mjini kwao, mkabala na stendi, anashona sare za shule. Nilimwona juzijuzi msibani. Amenenepa."

Ni hilo neno, amenenepa, lililomkata Brashi maini. Alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya maishani mwake.

Alisafiri mwishoni mwa wiki. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, marundo ya kitambaa cha buluu kila upande, na mwanamke mnene mwenye futi shingoni akipiga pindo la sketi.

"Shikamoo," alisema Brashi.

"Marahaba. Karibu, mteja. Unashona au unarekebisha?"

Brashi akaingia ndani. Akatoa simu, akaifungua picha, akamwekea juu ya cherehani. Mwanamke akaitazama huku mguu ukiendelea kukanyaga, kisha mguu ukasimama.

"Ni mimi niliyechora," alisema Brashi. "Mimi ni binti yako."

Mwanamke alilivua futi shingoni, akaliviringisha, akaliviringua.

"Binti yangu alikufa kwa surua," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayemsahihisha mwenzake kwa upole. "Niliwatafuta miaka mingi. Siku nilipompata wifi yangu ndiyo aliyoniambia hayo. Nikamlilia mwanangu, nikamaliza."

Brashi akakaa chini kwenye rundo la sare. Kwa kitambo hakuna aliyeweza kumfariji mwenzake, maana kila mmoja alikuwa akimwangalia maiti aliyeingia kwa miguu yake.

Baba aliposikia habari ya surua aliziba mdomo kwa kiganja, akaingia chumbani. Hilo yeye hakulijua. Tangu siku hiyo dada yake akija, humfungulia mlango, humpa kiti, halafu huenda kukaa nje.

Injinia alisema yuko tayari kuliondoa jalada, ingawa gemu lilikuwa limeanza kupata wachezaji na wengi waliandika kwamba ni ule mkanda uliowavuta. Brashi alifikiri kidogo akamwambia aliache. Lakini maoni ya wachezaji hayasomi, na gemu lenyewe hajalicheza mpaka mwisho.

Siku za mapumziko hupanda basi kwenda kule mkabala na stendi. Hukaa kwenye kigoda, humsaidia mama kutia vifungo, huongea habari za wateja wasumbufu. Wanacheka, wakati mwingine. Anapofika husema shikamoo na kuishia hapo, kwa kuwa neno linalofuata bado halijamzoea mdomoni. Mama huitikia marahaba, hungoja kidogo akiwa ameinua sindano, kisha hushusha macho na kuendelea kushona.