Magurudumu ya Injini ya Fundi Lusungu

Nina miaka sabini na nane. Nimezika mke, kaka zangu wawili na madaktari wawili walionikataza chumvi. Injini za treni nilizoendesha zimekatwa chuma chakavu, mimi nipo. Lakini hili la Fundi Lusungu halijaniingia kichwani.

Juzi asubuhi mkewe, Mama Upendo, alinipigia kutoka Ipogolo, Iringa. "Dereva, mwenzio ametutoka." Nikamwambia, "Shemeji, acha utani." Hakuwa na utani.

Kwa msiomjua, Lusungu alikuwa seremala. Alipostaafu akaanza kuunda treni kwa vitofali vya plastiki, vile vya watoto vya kubananisha. Siyo za kuchezea! Anachora kwanza kwenye karatasi ya miraba, kinundu kimoja cha kitofali mraba mmoja, ndipo anajenga.

Nilimkuta stesheni ya Mbeya anapima behewa kwa macho. Nikamuuliza, "We Mhehe, Iringa kwenu hakuna reli, unatafuta nini huku?"

Akanijibu, "Ndiyo maana naijenga, mzee. Ninyi mnayo, mnaipita tu bila kuiangalia." Tukacheka, tukawa ndugu.

Vitofali nilimtafutia mimi, kwenye marobota ya mitumba ya Uyole. Nachambua, nafunga kwenye kiroba, nampa kondakta wa basi la Iringa. Uyole nzima hakuna anayejua kuchagua vitofali kama mimi.

Kazi yake kubwa ilikuwa injini moja ndefu ya safari za mbali, aliyoichora kutoka kwenye picha. Kila upande magurudumu matatu mbele, matatu nyuma. Shida ikawa kona: gurudumu la kati linakwama, injini inaruka reli. Alihangaika wiki nyingi mpaka akapata ujanja. Ekseli ya kati akaiachia icheze kidogo kushoto na kulia. Injini ikapita kona kama nyoka!

Nikaenda kuiona. Nikahesabu, nikasema, "Hapana. Mawili mbele, mawili nyuma."

"Picha inaonyesha matatu, Dereva."

"Kwenye kiti cha dereva alikaa nani, picha au mimi?"

Aliniangalia. Kisha akaichomoa magurudumu yote ya chini, mbele yangu, aijenge upya. "Sawa. Wewe ndiye uliyekaa."

Jamani, ukweli ndio huu. Nilichanganya na injini za zamani. Hiyo ndefu sikuiendesha hata siku moja. Ilipoletwa, mimi walishanihamishia yadi kupanga mabehewa. Sijawahi kumwambia mtu.

Sikukuu ya mavuno kanisani kwao, akaizungusha mezani katikati ya maboga na mahindi. Watu wamejaa. Mzee Sanga, mstaafu wa karakana ya injini, akainama, akahesabu, akaangua kicheko.

"Fundi, hii umeikata miguu! Njooni muone injini kiwete!"

Nilikuwa nimesimama pale pale na chupa ya soda. Mdomo ninao, tena mnaujua ulivyo. Haukufunguka.

Lusungu akasema, "Nimekosea mimi, Mzee Sanga. Macho yamezeeka." Akazima treni yake, akaifunika kitenge.

Tulipotoka aliniuliza kama nimekula. Basi. Bora angenitukana.

Nikarudi Uyole, nikawa sipokei simu zake. Ujumbe wake wa mwisho huu hapa: "Kamwene Dereva. Ukipata vya bluu nikumbuke." Vya bluu nilikuwa navyo, kiroba kizima, chini ya kitanda. Sikujibu. Nilijiambia nitampelekea siku nikienda kumwambia ukweli. Kila wiki nikawa na sababu: mara mvua, mara goti. Goti langu zima kabisa.

Sasa nasema mbele yenu wote, na msibani nitasema tena kwa mdomo wakiniruhusu. Lusungu alijenga sawasawa. Magurudumu ya injini ile ni kumi na mawili. Aliyekosea ni mimi, na yeye alijua, akabeba aibu yangu mbele ya usharika wake.

Nisamehe, mwenzangu. Sijui kuomba msamaha, nimeanza umri huu. Ulale pema, Fundi.

Anayebisha amuulize Mzee Sanga, yeye ndiye aliyehesabu. Na Mama Upendo alikuwa mlangoni anamenya viazi siku ile nilipombishia mumewe hadi akaichomoa. Alisikia kila neno, na hajawahi kunisema.